Aliyekaa Barazani Dohani Mbili

Tangu alfajiri Konstebo Dennis alikuwa anaapa kwamba Tukuyu hakuna jua, kuna tetesi za jua tu.

"Mimi nimezaliwa Magu, afande. Kwetu mtu akifa, inzi wanakwambia amekufa lini. Huku hata inzi wanavaa sweta."

"Shika tochi vizuri," Sajenti Najat alisema.

Alikuwa amepiga magoti barazani, sketi yake ya kiraia imeshalowa ukungu, anapapasa mbao za sakafu kama mtu aliyedondosha sindano. Baba yake alikuwa fundi cherehani kule Bulyaga, na kutafuta sindano ndiyo kazi ya kwanza aliyofundishwa duniani. Ya pili ilikuwa kunyamaza wakati mteja anaongopa kuhusu kiuno chake. Zote mbili zilimfaa kazini kuliko kozi ya upolisi ya Moshi.

Nyumba yenyewe watu wa Kawetele wanaiita Dohani Mbili. Aliijenga Mzungu mmoja wa chai: ukuta wa mawe, sakafu ya mbao, baraza pana la kuutazama mlima Rungwe siku mlima ukikubali kuonekana. Mzungu akaondoka, serikali ikaichukua, ikapewa shirika la umma, shirika likasinzia. Chai ambayo haikuchumwa ikajisahau, ikawa miti. Bati limeshika kutu, dohani moja imeota majani, na chumba cha kulia kina popo wanaokaa bure. Sasa mashirika yanauzwa, na Dohani Mbili imetangazwa. Mnunuzi amekuja kutoka Dar es Salaam, anataka kuifanya hoteli.

Aliyeitunza miaka yote hiyo ni Mzee Ambwene. Alianza akiwa mtunza bustani wa Mzungu, akabaki kuwa mtunzaji wa kila kitu ambacho wengine waliacha. Jumamosi asubuhi mwanawe Ezron alimkuta ndani ya tangi la maji nyuma ya nyumba, kisogo kimepasuka. Jumamosi hiyo hiyo mchana Ezron akawekwa ndani.

Leo ilikuwa Jumatatu. Kesho karandinga litampeleka Mbeya kusomewa shitaka la kuua, na shitaka la kuua halina dhamana. Mwisho wake watu wanaujua, ndiyo maana hawautaji.

Ushahidi ulikaa vizuri mno. Alhamisi baba na mwana waligombana mpaka majirani wakatoka nje. Ezron alitaka wahame kwa amani, mnunuzi kashamwahidi kazi ya kusimamia bustani. Mzee akasema Dohani Mbili atatoka akiwa amebebwa. Ijumaa Ezron alishinda Masukulu kwenye mazishi, anachimba kaburi mbele ya ukoo mzima, akarudi magharibi. Dalali wa mnunuzi, mtu anaitwa Simon, alifika Ijumaa hiyo, akasema aliondoka mchana kabla ya mvua na kumwacha mzee mzima. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumbishia, kwa sababu Marietha, mke wa Ezron, aliandikisha kwamba alasiri, mvua ikiwa imeshaanza, alimwona mzee yuko hai, amekaa barazani.

Kwa hiyo mzee alikufa baada ya hapo. Na baada ya hapo aliyefika ni Ezron peke yake. Mke ndiye aliyemfunga mumewe kitanzi, na alikifunga huku anasema kweli.

"Sakafu ina vidonda," Najat alisema.

"Vya risasi?"

"Vya kiti."

Dennis akainama. Kwenye mbao kulikuwa na vishimo vya miguu ya kiti, vimelika kwa miaka ya mtu yule yule kukaa pale pale. Viwili vilikuwa vya kina zaidi, vile vya nyuma, maana mzee alikuwa mtu wa kuegemea.

"Alikuwa anatazama mlima," Najat alisema. "Mgongo wake uko kwenye njia inayopanda kutoka migombani. Sasa kiti chenyewe kinatazama wapi?"

Dennis akageuka. Kiti cha mbao cha mzee kilikuwa pembeni ya vishimo vyake, uso kwenye njia.

"Si wenzetu wamekigeuza Jumamosi?"

"Jumamosi nilifika wa kwanza. Kilikuwa hivi hivi."

"Basi mzee alichoka na mlima."

"Miaka yote hiyo, achoke Ijumaa."

Dennis alikuna shingo. Hakuwa mjinga, ila baridi ilimfanya atake kila kesi iishe karibu na moto. "Na bakuli je, afande? Nalo limegeuka?"

Bakuli la bati lenye maua mekundu lilikuwa chini ya kiti, na mfuniko wake pembeni. Tupu, limerambwa. Najat aliliona tangu Jumamosi na hakulifikiria sana. Wazee wanakula, mabakuli yanabaki. Lakini jana Daktari Hasina, aliyempasua marehemu, alimwambia maneno mawili matatu ya kumnyima usingizi. Maji ya tangi ni ya baridi kama ya barafu, saa ya kufa haisomeki. Na tumbo lilikuwa halina kitu isipokuwa chai ya asubuhi.

"La asubuhi hilo," Dennis alisema.

"Labda."

Akaenda kwenye msumari karibu na mlango. Koti la mzee lilikuwa limening'inia pale, lile zito la zamani, na kofia ya pama juu yake. Akalipapasa. Kavu.

"Ijumaa ya mvua. Mzee mwenye kikohozi anatoka kwenda nyuma kwenye tangi, halafu koti lake analiacha msumarini?"

"Labda alitoka kabla ya mvua."

"Marietha anasema mvua ilipoanza alikuwa amekaa hapa. Amevaa koti na kofia."

Najat akachukua ile kofia, akaingiza vidole ndani, akavitoa, akavifuta kwenye sketi.

"Nenda kapime tangi upya," alisema. "Na zile alama za gambuti za Ezron kando ya tangi usinisimulie tena. Ezron ndiye aliyemtoa baba yake majini, ulitaka akanyage wapi, hewani?"

Dennis akaondoka na kamba yake ya kupimia, anasonya taratibu kwa adabu.

Hakufika mbali, na mlango wa ndani ukafunguliwa.

"Pole na kazi, sista," alisema Simon.

Alitoka chumba cha kulia ameshika utepe wa fundi, koti la ngozi la mtumba, nywele zimepakwa mafuta zinang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Alikuwa mtu wa uso mchangamfu, wa aina ile ambayo ukikutana naye kituoni unamkopesha kalamu na hairudi.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Mlango uko wazi. Siku hizi kila kitu kiko wazi." Akacheka. "Mnunuzi yupo Tukuyu mpaka kesho kutwa, na madirisha hayajipimi. Pole sana na msiba lakini. Mzee nilimpenda."

"Mlipatana?"

"Tulipatana sana. Mgumu kidogo, lakini wazee wote ni wagumu. Angalia hapa, sista." Akanyoosha mkono kwenye ukungu kama anafungua pazia. "Hapa meza za nje. Kule vibanda vya wageni. Eneo lote linashuka mpaka kwenye chemchemi, bwawa la samaki pale, mgeni avue mwenyewe. Halafu chakula cha hapa hapa, cha asili. Ndizi za maziwa zile zenye iliki, kama anazopika mkwe wa mzee. Mzungu akila zile harudi kwao."

Najat alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei. Alichokishika wakati ule ni chemchemi. Alipokuwa mtoto, watu wa kijiji walichota maji pale bila kumwomba mtu ruhusa.

"Chemchemi nayo inauzwa?"

"Iko ndani ya mpaka."

"Alikuonyesha nani huo mpaka?"

"Mawe yapo, sista," Simon alisema, akaurudisha utepe mfukoni. "Mawe hayasemi uongo."

*

Msiba ulikuwa chini, kwenye nyumba ya Ezron katikati ya migomba, iliyokuwa zamani ya watumishi wa Mzungu. Wanaume walikaa nje kwenye moto, wanaongea kidogo kidogo. Hakuna aliyejua amlaumu nani, kwa hiyo kila mmoja alitazama moto. Wanawake walijaa ndani kwenye mikeka.

Najat alivua viatu, akajifunga khanga, akakaa. Akatoa pole. Shangazi Anyelwisye, dada wa marehemu, akampokea kwa mikono miwili.

"Ndaga, ahsante, mwanangu. Wewe si binti wa yule fundi wa Bulyaga? Baba yako alinishonea gauni la harusi. Alilibana."

"Alikuwa anabana kila mtu, shangazi."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile kinachoomba radhi kabla hakijaisha. Kisha Anyelwisye akageuza kidevu kuelekea pembeni, alikokaa Marietha, amejifunika mpaka usoni.

"Yule pale hajatoa chozi. Tangu Jumamosi. Macho makavu kama ya mbuzi. Mume yuko ndani, baba mkwe yuko mochwari, yeye kimya. Watu wanaanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema anajua kitu." Kizee kikashusha sauti, na sasa hakikuwa kikali tena. "Mimi simwelewi. Mkwe mwenye heshima kuliko yule hatukuwahi kupata. Tangu aolewe hajamtazama kaka yangu usoni hata siku moja. Hata jina lake hajalitamka."

Najat alikuwa anainua kikombe cha chai. Akakirudisha chini.

Alilijua jambo hilo, na hapo ndipo alipojiona mjinga. Amekulia Bulyaga. Utotoni yeye na wenzake walikuwa wanacheka wakimwona mke wa jirani anakimbilia migombani na ndoo kichwani, kwa sababu baba mkwe wake anakuja. Mkwe wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe, hakai naye sehemu moja, hakutani naye njiani. Na baba mkwe naye anamhifadhi: anakohoa kabla hajatokea, anageuza uso, anampisha.

Anakaa mgongo wake ukiwa njiani.

Kwenye jalada palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya Dennis: *Nilimwona baba mkwe amekaa barazani.* Najat alikuwa ameyasoma maneno hayo kwa siku mbili, na siku zote mbili aliyasoma kipolisi.

Akasimama. "Shangazi, naomba nimchukue Marietha kidogo. Anionyeshe choo."

*

Walisimama nyuma ya jiko, migomba inawadondoshea maji. Marietha alikuwa mwanamke mrefu aliyezoea kujikunja. Alitazama vidole vyake vya miguu.

"Dada Marietha. Ijumaa ulimwona ukiwa wapi?"

"Shambani. Kwenye maharage."

"Kutoka kwenye maharage baraza halionekani. Nimepita sasa hivi. Kuna ukuta wa miti ya chai."

Marietha akachimba udongo kwa kidole cha mguu.

"Bakuli lenye maua mekundu ni la nani?"

Mabega ya Marietha yakapanda. Alijifunika zaidi. Kisha akaanza, kwa sauti ya kuelekea chini.

"Huwa anapeleka Lulu, mtoto wangu. Ijumaa Lulu alikwenda Masukulu na baba yake. Nikasema yule mzee atalala njaa. Nikapita mlango wa nyuma kama nifanyavyo nikikosa wa kumtuma. Nikagonga mfuniko wa bakuli. Nikigonga, yeye anakohoa, nami naweka chini, naondoka."

"Akakohoa?"

"Hakukohoa. Nikagonga tena. Nikaogopa, nikasema labda anaumwa, maana kifua kilikuwa kinamsumbua. Nikazunguka mbele. Mimi, mkwe, nikazunguka mbele. Nikatokea pembeni ya ngazi, naye amekaa, amenitazama."

"Ulimwona uso?"

"Koti. Kofia ameishusha. Ukungu ulikuwa mwingi. Mimi nikaanguka chini pale pale, nikageuka. Halafu..."

Najat alikumbuka kazi ya pili aliyofundishwa na baba yake, ya kunyamaza. Alingoja.

"Akaninyooshea mkono," Marietha alisema. "Akanipungia. Hivi." Akafanya kwa vidole, kidogo, kama anafukuza kuku. "Baba mkwe wangu. Niliacha bakuli kwenye ngazi, nikakimbia. Ezron sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba baba yako kanipungia mkono? Asubuhi nasikia amekufa. Nikajua ni mimi. Nilimwendea mbele, nikamvunjia heshima, akapata kichaa cha aibu, akajitupa. Nitamlilia vipi mtu niliyemuua?"

Kule ndani mtu alianzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaudaka.

"Lile bakuli ulipika nini?"

Marietha akainua macho kwa mara ya kwanza, kana kwamba polisi ndiye mwenye kichaa. "Ndizi za maziwa."

"Ulitia nini?"

"Chumvi. Na iliki. Nilipewa iliki na mama Rayyan, jirani yenu kule Bulyaga, Ijumaa ile ile nikitoka sokoni. Akasema ni nzuri kwa kifua. Sijawahi kutia iliki kabla ya hapo."

"Nani mwingine alizionja?"

"Hakuna. Nilipika kidogo, za mgonjwa."

"Na nani anajua kwamba ulipeleka?"

"Nimekwambia wewe sasa hivi."

Najat akashusha pumzi. Wazo lilikuja polepole, kama lori linalopanda mlima: unalisikia kwanza, ndipo unaliona. Akalipanga vizuri kabla hajafungua mdomo. Mzee asiyekuwa na kitu tumboni. Bakuli lililorambwa. Kiti kilichotazama njia. Mkono uliopunga.

"Zimebaki ndizi?"

"Zipo."

"Pika tena, dada. Hivyo hivyo. Ila usitie iliki."

*

Simon alikuwa bado barazani na Dennis, anamweleza jinsi hoteli itakavyohitaji walinzi wenye mafunzo. Dennis alionekana kuanza kuipenda Tukuyu.

Najat akapanda ngazi na lile bakuli la maua mekundu aliloondoka nalo asubuhi, mvuke unatoka chini ya mfuniko.

"Kaka Simon, umepima tangu asubuhi. Kula kwanza. Msibani wamekumbuka wageni."

"Mungu awabariki." Simon akaketi kwenye kiti cha mzee bila kufikiri, akapokea bakuli, akafunua, akavuta harufu. Akakata kipande na kijiko. Akatafuna.

"Tamu?" Najat aliuliza.

"Tamu. Ila leo kasahau iliki."

Dennis, aliyekuwa anatazama bakuli kwa wivu, akainua kichwa.

"Leo," Najat alisema.

"Eh?"

"Umesema leo kasahau. Siku gani alikumbuka?"

Simon akatabasamu, kijiko bado mkononi. "Si nimekuja hapa mara nyingi, sista."

"Iliki imeingia kwenye chungu chake mara moja tu tangu azaliwe. Ijumaa iliyopita. Zikajaa bakuli moja, hilo hilo. Na bakuli hilo lilifika hapa mvua ikiwa imeshaanza. Wewe uliondoka kabla ya mvua."

"Basi nilisikia watu wanasema."

"Mpishi hakumwambia mtu. Alikuwa anaona aibu."

"Aibu ya kupika?"

"Subiri utasikia aibu ya nini." Najat alichukua ile kofia msumarini, akaigeuza, akampa Dennis. "Ingiza kidole ndani."

Dennis akaingiza, akanusa. "Mafuta ya nywele."

"Mzee Ambwene alikuwa na nywele?"

"Kipara, afande. Kipara cha kujitazamia." Dennis akatazama kichwa cha Simon kilivyong'aa kwenye ukungu, na taratibu akasogea, akasimama kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Tukuyu alionekana hasikii baridi.

Simon aliweka bakuli chini. Uso wake uliacha kuuza kitu, na bila kuuza ulikuwa uso wa kijana tu, aliyechoka.

"Sikumsukuma," alisema.

"Sijakuuliza bado."

"Tulikuwa juu ya tangi. Alinipandisha pale ili anionyeshe. Ukisimama pale, siku nyeupe, mawe ya mpaka yanaonekana, ya zamani. Alisema chemchemi ni ya kijiji, tangu Mzungu. Alisema nimeyahamisha mawe mawili."

"Uliyahamisha?"

"Alisema kesho yake atamtembeza mnunuzi mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Nilimwomba siku moja tu anyamaze. Siku moja. Bila chemchemi, mnunuzi hataki nyumba, anataka nini na popo? Nikamshika mkono. Akauvuta. Zile mbao za tangi zimeoza, sista, mtu yeyote atakwambia zimeoza. Alipiga kichwa kwenye ukingo."

"Ukamtoa?"

"Nilimwita. Akanyamaza."

"Halafu ukasikia mtu anagonga bakuli."

"Mlango wa nyuma, karibu kabisa na tangi. Angezunguka hatua chache tu angemwona. Nikaingia kwa dirisha, nikavaa koti, nikakaa hapa ili asiendelee kutafuta." Akajipangusa mdomo. "Alipotokea nilimfanyia ishara aweke aende. Si ndivyo mzee angefanya?"

"Hapana," Najat alisema. "Mzee angekohoa. Mzee alikaa mgongo ukiwa njiani miaka yote ya ndoa ya mwanawe, ili mke wa mwanawe apite na heshima yake. Wewe ukageuza kiti."

"Nilitaka kuona anatokea upande gani."

"Ukampungia."

"Ningejuaje?"

"Ungejuaje." Najat alilisema bila kejeli, alikuwa anawaza kwamba hata yeye, mtoto wa Bulyaga, alichukua siku mbili. "Na ndizi ukala."

Simon akatazama bakuli. "Nilikuwa natetemeka," alisema. "Nilidhani ni njaa."

Dennis akatoa pingu. Zilikuwa baridi, akazipasha kwanza kwenye sweta, ndipo akamfunga. Hakuna kifungu cha sheria kinachotaka hivyo. Najat akajifanya hajaona.

"Mkuu wa kituo apigiwe simu kutoka posta," alisema. "Karandinga la kesho lina nafasi ya mtu mmoja, ila si Ezron."

*

Alishuka peke yake mpaka kule nyuma ya jiko. Marietha alikuwa anasugua sufuria kwa majivu, anasugua mahali pamoja tu.

"Ezron atalala nyumbani," Najat alisema.

Sufuria likatulia.

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, mpangilio ule ule aliojipangia kichwani: tangi, mlango wa nyuma, koti, kiti, mkono. Marietha alisikiliza kichwa kimeinama, kama anayepimwa nguo.

"Kwa hiyo alikuwa ameshakufa nilipogonga."

"Alikuwa ameshakufa. Ndiyo maana hakukohoa."

"Na yule aliyenipungia..."

"Mpita njia kwenye koti la mwenzake."

"Basi sikumwendea mbele."

"Hukumwendea. Hukumvunjia kitu. Alikufa hajawahi kukugeuzia uso, nawe hujawahi kumtazama."

Marietha akakaa chini, kwenye majivu yale yale. Majivu yakampaka miguuni, hakujali. Huko juu sauti ya Dennis ilikuwa inampeleka Simon taratibu njiani, inamwonya mahali penye utelezi.

"Dada," Marietha alisema. "Wewe ulimwona. Pale Jumamosi, alipokwisha kutolewa."

"Nilimwona."

"Alikuwa na sura gani?"

Najat hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Katika jalada lote hakuna mahali linapojibiwa. Akachuchumaa karibu naye.

"Kama Ezron," alisema. "Paji pana hivi. Ila masikio, dada. Masikio makubwa, kama anasikiliza mpaka kesho."

Marietha akacheka. Kicheko kilimtoka tu, kifupi, akaziba mdomo kwa mkono wenye majivu. "Lulu," alisema ndani ya kiganja, "Lulu ana masikio hayo. Nilikuwa najiuliza kayatoa wapi."

Kisha kicheko kikapinda, kikawa kitu kingine, kikapanda juu ya migomba. Ndani ya nyumba wimbo ukakatika, na kizee Anyelwisye akatoka mlangoni bila viatu, anakuja kulia pamoja naye.